Likizo ya Juni: mpe mtoto tuta lake, usimpe beseni la kuuza

Wiki hii sitaandika juu ya viwavi wala bei ya pumba. Shule zinafungwa, na kila mwaka kipindi hiki maswali ninayoulizwa nikiwa njiani kwenda kukagua bustani hubadilika. Wazazi huacha kuniuliza dawa ya kantangaze na kuanza kuniuliza: "Bwana shamba, hawa watoto nitawafanya nini mwezi mzima?"

Swali hili ni la haki. Kama unalima bonde la Mto Mzinga, au una genge pale Mbagala Rangi Tatu, au unatoka Mabwepande saa kumi alfajiri kuwahi sokoni, huna likizo. Mwezi wote wa Juni wewe uko kazini na mtoto yuko nyumbani. Hela ya kumpeleka kwenye bembea za kulipia hakuna. Bibi wa kijijini amechoka, au nauli ya kumfikisha huko imepanda. Kwa hiyo mtoto anabaki na ufunguo shingoni na mdogo wake mgongoni.

Nina maoni yangu juu ya jambo hili, na nitayasema wazi. Kisha nitakupa mambo ya kufanya ambayo hayazidi hela ya pakiti moja ya mbegu.

Tunachokifanya sasa

Kwa ninavyoona mimi, wazazi wengi wa pembezoni mwa Dar wana njia tatu, na zote zina kasoro.

Njia ya kwanza ni kumwacha tu. Mtoto anaamka, anakunywa chai, anapotea. Mchana utamkuta kwenye kibanda umiza akiangalia sinema isiyo ya umri wake. Mwingine utamkuta amesimama nyuma ya mashine ya kamari, ile ya kutumbukiza sarafu ya mia mbili, akisubiri kaka mkubwa aondoke naye ajaribu. Sheria inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini mashine haijui umri wa mkono unaotumbukiza sarafu. Na sarafu yenyewe imetoka wapi? Kwenye chenji ya sukari uliyomtuma.

Njia ya pili ni twisheni ya asubuhi mpaka jioni. Kwa mtoto aliye darasa la mtihani, saa mbili tatu za masomo kwa siku sina ubishi nazo. Lakini mtoto wa darasa la pili kukaa kwenye chumba cha bati kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni akinakili ubao, hiyo ni shule ileile bila mwalimu wa zamu. Akirudi Julai amechoka kuliko alivyoondoka.

Njia ya tatu ndiyo inayonifanya niandike leo. Ni kumpa mtoto beseni. Karanga, mayai ya kuchemsha, ubuyu, barafu, maji ya chupa. "Si yuko likizo? Basi azunguke stendi apate hela ya daftari." Mtoto wa miaka tisa anapita katikati ya daladala na bodaboda mpaka giza linaingia, na akirudi na hesabu pungufu anachapwa.

Najua hali ilivyo. Sikuandiki wewe kama mzazi mbaya. Lakini tuambiane ukweli. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka umri wa chini wa mtoto kuajiriwa au kushirikishwa kwenye kazi kuwa miaka 14, tena iwe kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumkosesha shule. Kazi za usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, zimekatazwa kabisa. Na nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, ambao kifungu chake cha 31 kinasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Kila tarehe 16 Juni, katikati kabisa ya likizo hii, tunaadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika kwa kukumbuka watoto wa Soweto waliouawa mwaka 1976. Tunavaa fulana, tunasikiliza hotuba, na jioni yake beseni linarudi kichwani mwa mtoto.

Jembe tumelifanya fimbo

Kabla sijafika kwenye tuta, kuna jambo linalonikera kama mtu wa ugani.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Nia yake ilikuwa mtoto asome na pia ajue kuzalisha, shule iwe na shamba na wanafunzi washiriki kulipanga. Wazo lilikuwa zuri. Lakini njiani tulilipinda. Kwenye shule nyingi shamba likawa mahali pa kumpeleka aliyechelewa, aliyepiga kelele, asiyefanya hesabu. "Kalime matuta mawili." Kwa hiyo mtoto akakua akijua kwamba kalamu ni ya waliofaulu na jembe ni la waliokosea.

Nyumbani nako ni hivyo hivyo. Mtoto akivunja sahani tunamwambia akapalilie. Halafu akifika miaka 20 tunashangaa kwa nini hataki shamba, anauza eneo la baba anunue pikipiki.

Mimi nasema hivi: likizo hii, ndani ya ua wako, jembe lisitumike kama adhabu hata mara moja. Akikosea mnyime televisheni, mwambie aombe radhi, mfanye aoshe vyombo. Udongo usiuguse katika mambo ya adhabu. Udongo uwe kitu chake cha kuchezea na cha kujivunia.

Mwezi mmoja unatosha

Sasa tuje kwenye habari njema. Likizo ya Juni ni takriban mwezi mmoja. Mchicha, tangu kupandwa mpaka kung'olewa, unahitaji wiki tatu hadi nne. Yai la kuku, tangu kuatamiwa mpaka kifaranga kitoke, linahitaji siku 21. Mtoto anaweza kuanza kitu siku shule inapofungwa na kukimaliza kabla haijafunguliwa. Ni nadra mtoto kupata kazi yenye mwanzo na mwisho anaouona kwa macho yake.

Hali ya hewa nayo inasaidia. Mvua za masika zimepungua, jua si kali kama la Januari, na udongo bado una unyevu kiasi.

*Tuta la mchicha*

Mpe mtoto kipande cha upana wa mita moja na urefu wa mita mbili. Usimpe kikubwa zaidi. Tuta kubwa litamshinda wiki ya pili, nawe utalimalizia kwa kununa.

Muonyeshe kukwatua udongo mpaka kina cha sentimita 20 hivi, achanganye ndoo mbili za samadi iliyooza vizuri. Samadi iliyooza haina joto na haitoi harufu kali. Mwambie ashike na kunusa, atajua. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, kwa hiyo azichanganye na mchanga mkavu kabla ya kumwaga, zisirundikane sehemu moja. Achore mistari kwa kijiti, nafasi ya sentimita 20 kati ya mstari na mstari, amwage, afukie kwa udongo mwembamba sana, kisha atandaze nyasi kavu. Sisimizi hupenda kubeba mbegu, basi anyunyize majivu pembeni kuzunguka tuta.

Anamwagilia asubuhi na jioni kwa kopo lililotobolewa matundu madogo kwa msumari. Mbegu zikichipua, baada ya siku nne tano hivi, anaondoa nyasi taratibu. Baada ya wiki mbili anapunguza miche iliyosongamana, na hiyo anayoing'oa ni mboga ya kwanza ya nyumbani. Iite jina lake: "Leo tunakula mchicha wa Asha." Hutaamini jinsi mtoto aliyekuwa anakataa mboga atakavyoila siku hiyo.

*Kama huna eneo*

Wasomaji wa Yombo, Buza na Manzese mtasema: bwana shamba, sisi nyumba na nyumba zinagusana. Sawa. Tafuta kiroba cha kilo 50, kile cha salfeti. Tafuta pia kopo la rangi au la maziwa lisilo na kitako wala mfuniko. Weka udongo uliochanganywa, ndoo mbili za udongo kwa ndoo moja ya samadi. Kopo likae katikati, jaza kokoto ndani yake, jaza udongo pembeni, kisha vuta kopo juu na kuendelea hivyo hivyo mpaka kiroba kijae. Ile nguzo ya kokoto ya katikati ndiyo inayopeleka maji mpaka chini. Toboa matundu ubavuni, chomeka vipande vya matembele vya urefu wa kiganja na nusu, na juu panda mchicha. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanatosha kumwagilia, ila maji yenye sabuni nyingi au ya mtaroni hapana.

Matembele huchelewa kidogo kuliko mchicha, kama wiki nne hadi sita ndipo unaanza kuchuma, lakini yakishaanza yanaendelea. Mtoto atakuwa na sababu ya kukimbilia nyumbani hata shule ikifunguliwa.

*Siku 21 za kuku*

Kama una tetea anayetaka kuatamia, mkabidhi mtoto usimamizi. Mayai 10 hadi 12 yanamtosha kuku mmoja wa kienyeji. Mtoto aandike tarehe kwenye kalenda ukutani na kukata siku moja moja kwa kalamu. Kazi yake ni kuhakikisha chakula na maji viko karibu na kiota na kwamba hakuna anayemsumbua mama kuku.

Siku ya saba usiku mfanyieni onyesho. Zimeni taa, chukua tochi ya simu, weka yai juu ya mwanga huku umelizungushia vidole. Yai lenye uhai litaonyesha mishipa myembamba kama utando wa buibui, na lisilo na kitu litang'aa tupu. Sijaona katuni ya televisheni inayomnyamazisha mtoto kama mishipa ile.

Vifaranga wakitoka, muwe na tenga tayari. Kunguru weusi wa Dar hawana huruma, mchana mmoja wanaweza kumaliza wote. Watoto wapangiane zamu za kulinda. Na chanjo ya mdondo usiisahau. Ile ya tone la jicho hurudiwa kila miezi mitatu, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuwa ndiye mwenye daftari la tarehe wakati wewe unashika chupa.

Hela ni ya nani?

Hapa ndipo ninapogombana na wazazi wengi, na hapa ndipo tofauti ya tuta na beseni ilipo.

Mavuno yakipatikana, mtoto auze. Anaweza kukuuzia wewe mwenyewe kwa ajili ya genge lako, au majirani. Tuseme amepata mafungu 20 na fungu ni shilingi 300. Hiyo ni shilingi 6,000. Mbegu ulimkopesha kwa shilingi 1,000 na samadi kwa shilingi 500. Anakulipa shilingi 1,500, anabaki na shilingi 4,500. Hizo 4,500 ni zake.

Najua utakachosema. "Mimi ndiye ninayemlisha, mimi ndiye niliyempa ardhi, iweje hela iwe yake?" Ndugu yangu, ndiyo maana nimesema umkopeshe mbegu, usimpe bure. Amekulipa. Deni limekwisha. Ukichukua na faida yake ukanunulia mafuta ya kula, umemfundisha somo moja tu: kwamba anayelima si anayekula. Somo hilo wakubwa wake wamelipata kwa madalali miaka mingi. Usiwe wewe dalali wa kwanza katika maisha ya mwanao.

Mshauri, usimwamuru. Muulize: utanunua nini, utabakiza kiasi gani, mbegu za Desemba utapata wapi? Wengine watanunua pipi zote siku moja. Waache. Shilingi 4,500 ni karo ndogo kwa fundisho ambalo wakubwa wengine hulipata wakiwa na mkopo wa milioni mbili.

Kwa mwenye genge, mtoto akikaa nawe saa moja asubuhi akihesabu mafungu, kupima kwa mizani na kurudisha chenji huku wewe upo pembeni, hiyo ni hesabu ya darasani iliyopata miguu. Akikaa peke yake kutwa nzima ili wewe ufanye shughuli nyingine, hiyo ni ajira. Kipimo changu ni kirahisi: je, akisema amechoka anaweza kuacha bila kuchapwa? Na je, siku hiyo amepata muda wa kucheza? Kama jibu ni hapana, kazi hiyo si ya malezi tena.

Mtoto ni bwana shamba mdogo

Kuna historia moja ambayo sisi watu wa ugani tunaipenda. Mwaka 1902, katika wilaya ya Clark jimbo la Ohio huko Marekani, mwalimu aliyeitwa A. B. Graham alianzisha kikundi cha watoto wa mashambani wakawa na vipande vyao vya mahindi na mboga, wakipima udongo na kuandika walichokiona. Kikundi hicho ndicho kinachohesabiwa kuwa chimbuko la vilabu vinavyoitwa 4-H, ambavyo leo viko nchi nyingi. Kilichowavutia wataalamu wa wakati ule ni hiki: wakulima watu wazima walikuwa wazito kupokea mbegu na njia mpya, lakini watoto walikuwa tayari kujaribu, na wazazi walipoona tuta la mtoto linazidi la kwao wakaiga.

Sina haja ya kwenda Ohio kuliamini jambo hili. Wewe mwenyewe ukiletewa aina mpya ya mbegu unasita, na una haki ya kusita, kwa sababu ukikosea familia inalala njaa. Basi mpe mtoto. Tuta lake la mita mbili ndilo shamba darasa lako. Nusu apande kwa mistari, nusu amwage ovyo kama ulivyozoea. Nusu aweke samadi, nusu asiweke. Aandike kwenye daftari: tarehe, kopo ngapi za maji, urefu wa mche kwa rula. Mwisho wa mwezi mkae wote mliangalie. Umepata utafiti wa bure na mtoto amepata heshima ya kuulizwa jambo na mzazi wake.

Na michezo yenyewe je?

Tuta linachukua saa moja asubuhi na nusu saa jioni. Saa zilizobaki ni za kucheza, na kucheza hakuhitaji hela. Tatizo ni kwamba sisi wazazi tumeacha kuwarithisha.

Rede: watoto wawili wanarushiana mpira wa matambara, wa katikati anakwepa huku akijaza chupa mchanga. Kombolela: mmoja anahesabu, wengine wanajificha, na aliyebaki anaweza kuwakomboa wenzake wote waliokamatwa. Mdako: kishimo kidogo, vijiwe, na jiwe moja la kurusha hewani, mtoto anachota na kurudisha kabla halijaanguka. Kuna gololi, kuruka kamba, tiara ya gazeti na vijiti vya chelewa, gari la waya lenye magurudumu ya kandambili zilizokatika. Chandimu haihitaji maelezo.

Bao nalo usilione la wazee wa kahawa tu. Bao lina mashimo 32 na kete 64, nayo yote yanaweza kuchimbwa kwenye udongo chini ya mwembe, kete zikawa komwe au kokoto. Mwalimu Nyerere alilipenda. Mtoto anayecheza bao anajumlisha na kutoa bila kujua kwamba anafanya hesabu. Jioni moja kwa wiki babu au jirani mzee awafundishe. Mzee naye atapata kitu cha kufanya.

Usiku umeme ukikatika, tega kitendawili. Sema "Paukwa!" uone kama kuna atakayejua kuitikia. Kama hakuna anayejua, basi una kazi ya kufanya mwezi huu.

Mara moja katika likizo, ukiweza, watoe. Kijiji cha Makumbusho kipo barabara ya Bagamoyo, wilaya ya Kinondoni, na kina nyumba za asili za makabila mbalimbali ya nchi yetu. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa Desemba 1967, ipo mjini barabara ya Bibi Titi Mohamed na ina sehemu ya watoto. Kwa wa Temeke, maonyesho ya Sabasaba yako barabara ya Kilwa, mlangoni kwenu. Beba maji na chapati zako kutoka nyumbani. Kinachomaliza hela kwenye matembezi ni soda na chipsi.

Televisheni na simu sijazikataza. Saa moja jioni, katuni au mpira, hakuna ubaya. Lakini bando la kumnyamazisha mtoto kutwa nzima kwa wiki moja linanunua mbegu za mwaka.

Mambo ya kuangalia sana

Sehemu hii isome mara mbili, na umsomee atakayebaki na watoto.

Dawa za mimea. Kiuatilifu kisiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kwa dakika tano. Kifungiwe juu, mbali na mikono. Mtoto asipulize, asichanganye, asioshe pampu. Kwenye tuta lake atumie majivu na kuokota wadudu kwa mkono, inatosha.

Maji. Mashimo yaliyoachwa na wachimba mchanga kwenye mito kama Tegeta na Mbezi hujaa maji na hayana kina kinachoonekana. Watoto huyaona bwawa la kuogelea. Visima vya bustani vifunikwe kwa mbao nzito. Mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye ndoo. Na maji yaliyotuama yenye konokono huleta kichocho, kwa hiyo bondeni asiingie peku kuchezea maji.

Mbu. Dar tulikuwa na mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019. Mbu wake huzaliana kwenye maji masafi ya kopo, tairi na ndoo, na huuma mchana. Fanya uwe mchezo: kila Jumamosi watoto wazunguke uani kutafuta maji yaliyotuama na kuyamwaga, anayepata mengi ndiye anayechagua mboga ya usiku. Hakikisheni hata vikopo vya bustani vimetobolewa chini.

Mikono. Akishika kuku, samadi au udongo, anawe kwa sabuni kabla ya kushika kitu cha kula. Hili halina mjadala.

Mtu mzima. Tuta halimlei mtoto. Lazima awepo mtu anayejua yuko wapi. Kama wewe na majirani watatu wote mnafanya biashara, pangianeni zamu: kila siku mmoja anachelewa kufungua, au mlipeni kwa pamoja bibi mmoja wa mtaani mnayemwamini, awaangalie wote kwenye ua mmoja. Mkichanga mboga na unga, gharama haifiki ile ya beseni linaloibiwa stendi.

Wiki ya kwanza ianze hivi

Jumatatu mwende pamoja duka la pembejeo, mtoto achague mwenyewe mbegu. Jumanne achague mahali pa tuta na kuweka kibao chenye jina lake. Jumatano samadi. Alhamisi apande. Kuanzia Ijumaa ni kopo na daftari. Wa miaka minne hadi sita amwagilie tu. Wa saba hadi kumi achore mistari na kuandika. Wa kumi na moja kwenda juu ashike hesabu na kuwasimamia wadogo zake bila kuwapiga.

Kuna siku utakuta mche umekanyagwa, maji yamemwagwa yote, jembe dogo limeachwa mvuani. Vumilia. Wewe nawe ulianza hivyo.

Na siku akikuletea fungu lake la kwanza la mchicha pale gengeni, usiseme "weka hapo." Muulize bei. Mpunguzie kidogo akatae. Kisha mlipe mkononi, hela taslimu, mbele ya wateja.

Ukikwama na wadudu au kuku akikataa kuatamia, mtafute afisa ugani wa kata yako, na uende na mtoto ili aulize mwenyewe. Likizo njema.